UZI: Picha za farasi kutoka majarida ya zamani, namna ya kuzitambua, kuzitunza na kuzitundika ukutani (na kwa nini nasema usichane jarida zima)

FremuNaKioo

Wakuu habari za humu. Nimeona watu wanauliza uliza kwenye nyuzi nyingine kuhusu hizi picha za farasi za zamani, zile zinazotoka kwenye majarida ya Uingereza na Marekani, nikaona bora tufungue uzi mmoja tuongee kwa kirefu. Mi niko Uingereza, mashariki huku sio mbali na Newmarket, mji ambao asubuhi farasi wa mbio wanavuka barabara na magari yanasimama kuwapisha. Kazi yangu ni fremu, natengeneza fremu za watu, na pembeni nakusanya hizi kurasa kwa miaka mingi sasa. Vuteni viti maana ni ndefu.

Niseme msimamo wangu mapema asije mtu akashangaa mbele ya safari: sinunui jarida zima nikalichana, na nikiona mtu anataka kufanya hivo ntamwambia asifanye. Nakusanya kurasa ambazo tayari zilishaachana na jarida lake, nazo ziko nyingi mno huko nje, hazitaisha leo wala kesho. Sababu zinakuja.

Haya, tuanze. Jarida la kwanza ambalo ningependa kila mtu alijue ni The Sporting Magazine la London, lilianza 1792 likaenda mpaka 1870. Lilikuwa la kila mwezi, dogo la kushika mkononi, na ndani unakuta mchoro wa farasi, au mbwa, au watu wanaowinda mbweha, umechongwa kwenye bamba la shaba af ukachapwa kwenye karatasi yake peke yake. Kamera hakuna enzi hizo, kwa hio mtu aliyeko shambani huko Yorkshire akitaka kujua farasi aliyeshinda Derby (zile mbio kubwa za Epsom) anafananaje, ni hapo tu. Mchongaji wa kumkariri jina ni John Scott, alifariki 1827, huyu bwana alikuwa anachonga ngozi ya farasi mpaka unaona ubavu unang'aa kwa jasho na wakati ni mistari mitupu, mistari myeusi kwenye karatasi nyeupe basi. Nikipata ukurasa wake mmoja naukalia jioni nzima.

Baadaye wakaja wakubwa wenye picha nyingi: Illustrated London News 1842, The Graphic 1869, na Illustrated Sporting and Dramatic News 1874 ambalo kwa watu wa farasi ndo lenyewe hasa. Hawa walikuwa wanachonga kwenye mbao. Mti wenyewe ulikuwa mgumu ila mwembamba, haukutoa ubao mkubwa, kwa hio picha ya kurasa mbili walikuwa wanaunganisha vipande vidogo vidogo kwa skrubu, kila fundi anachonga chake ili iwahi toleo la wiki, af wanavifunga pamoja. Ukiangalia kwa makini unaona mistari myeupe myembamba sana inakatisha picha wima na mlalo, ndo maungio yale. Ukiiona mistari hiyo furahi, usidhani ni kasoro.

Af kuna Vanity Fair, ile ya London sio ya New York ya leo. Ilianza 1868, na kuanzia 1869 ikawa inatoa kila wiki picha ya rangi ya mtu maarufu, imechapwa kwa jiwe. Majoki, wale wapanda farasi wa mbio, wamo. Fred Archer yumo, wa 1881, kachorwa na mchoraji aliyekuwa anasaini Spy. Archer alikuwa bingwa wa majoki mara 13, ana ushindi 2,748, na alikufa 1886 akiwa na miaka 29 tu. Tod Sloan Mmarekani naye yumo, wa 1899, huyo ntamrudia.

Marekani kwenyewe kuna American Turf Register and Sporting Magazine, lilianza Baltimore 1829, hilo ni gumu kulipata na bei yake si ya mtu anayeanza. Harper's Weekly ilianza 1857, na Collier's ndo iliyomfanya mchoraji Frederic Remington aingie kila nyumba, 1903 walimpa mkataba wa picha 12 kwa mwaka, dola 1,000 kila moja. Na mchoraji N.C. Wyeth, jalada lake la kwanza kubwa lilikuwa The Saturday Evening Post la tarehe 21 Februari 1903, farasi anaruka ruka anataka kumtupa mtu chini.

Ntaendelea, nipumue kidogo.

FremuNaKioo

Naendelea. Sasa nije kwenye kitu ninachokipenda kuliko vyote, miguu.

Chukua picha yoyote ya mbio iliyochorwa kabla ya 1878 uangalie farasi wanaokwenda shoti. Wote wamenyoosha miguu ya mbele kwa mbele na ya nyuma kwa nyuma kwa wakati mmoja, tumbo limeshuka karibu na majani, wanaelea. Hata Géricault yule Mfaransa, mchoro wake wa mbio za Epsom wa 1821 ulioko Louvre, uko hivo hivo. Hakuna farasi aliyewahi kukimbia namna hio toka dunia iumbwe, ila jicho la mtu haliwezi kuigawa ile mbio, kwa hio wachoraji walikubaliana hivo na wasomaji wakakubali.

Juni 1878 huko Palo Alto, California, Eadweard Muybridge akapanga kamera mstari mmoja kando ya njia, farasi anapita anakata nyuzi na kila uzi unafyatua kamera yake. Aliyelipa ni Leland Stanford, tajiri wa reli aliyewahi kuwa gavana wa California. Picha zikaonyesha kwamba farasi kweli huwa anaachia ardhi miguu yote minne, lakini pale miguu imekunjwa imekusanyika chini ya tumbo, sio ilipotanuka. Oktoba mwaka huo huo Scientific American ikaziweka ukurasa wa mbele zikiwa zimechongwa kwa mkono.

Sasa ukipanga kurasa zako ukutani kwa miaka, unaona kabisa miguu inabadilika. Polepole lakini, maana wachoraji wengine waliendelea na ule mtindo wa kuelea kwa muda mrefu tu, wasomaji walikuwa wameuzoea. Kwa hio miguu iliyonyooshwa haikuhakikishii kwamba picha ni ya kabla ya 1878. Ila miguu iliyokunjwa vizuri chini ya tumbo, na muuzaji anakwambia ni ya 1820, hapo muulize maswali.

Kitu cha pili angalia joki amekaaje. Joki wa Kiingereza wa zamani anakaa wima, vikuku (vile vya kukanyagia) virefu, miguu imenyooka. Mwishoni mwa miaka ya 1890 ndo akaja Tod Sloan kutoka Marekani, vikuku vifupi, kajikunja juu ya shingo ya farasi, watu wakamcheka kwanza, akaanza kushinda, wakanyamaza wakaanza kumuiga. Kwa hio joki aliyeinama shingoni kwenye picha ya Kiingereza, hio haiwezi kuwa ya 1850 hata ikiandikwaje.

Cha tatu ni kuruka viunzi. Kwenye picha za mchoraji Henry Alken, alizaliwa 1785 akafa 1851, mpandaji akiruka uzio anajilaza nyuma mpaka mgongo unakaribia makalio ya farasi. Afisa wa Kiitaliano wa jeshi la farasi, Federico Caprilli, ndo aliyefundisha kuegemea mbele na kumwachia farasi shingo yake. Alikufa 1907 na mtindo wake ukaenea dunia nzima baada yake. Angalia leo mashindano ya kuruka viunzi, wote wameinama mbele, ni yeye huyo.

Vitu vitatu hivo vinakusaidia kuliko cheti chochote cha muuzaji.

mtu_wa_Ilala

Aisee mkuu hili somo. Mi ninayo moja nilipewa na ndugu aliyekuwa anahama, chini imeandikwa H. Alken, rangi kali sana, watu wanaruka mto. Sasa nilivosoma hapa nikachukua kioo cha kukuzia nikaona rangi zote ni vidoti vidoti. Hio imekaaje?

FremuNaKioo

Mkuu asante kwa kuangalia mwenyewe, wengi hawaangalii. Vidoti vilivyopangwa safu, na kwenye rangi vinatengeneza vimduara kama vya maua, hio ni chapa ya vidoti iliyoenea kuanzia miaka ya 1880 na ya rangi ikaja kushika baadaye zaidi. Alken alishakuwa kaburini. Kwa hio uliyonayo ni nakala ya baadaye ya mchoro wa Alken, nyingi zilichapwa karne ya 20 kwa ajili ya hoteli, mabaa na kalenda. Sio utapeli lazima, ila sio ya enzi zake.

Ya enzi zake ungeona mistari iliyochongwa au chembechembe laini, na rangi imepakwa juu kwa brashi, pengine imetoka nje ya mstari kidogo, pengine koti jekundu limeingia kwenye anga. Hizo za Vanity Fair nazo zimechapwa kwa jiwe, ukikuza unaona chembe zisizo na mpangilio, sio safu za vidoti. Chini ya ukurasa unakuta jina la wachapaji Vincent Brooks, Day & Son. Na zile nakala za printa za siku hizi ukikuza unaona wino umenyunyizwa ovyo ovyo, hakuna mstari wowote ulio mkali.

Jambo jingine kwa wote. Kurasa za Graphic na Illustrated London News nyingi sana zilichapwa nyeusi na nyeupe, af miaka mingi baadaye wauzaji wakazipaka rangi ili ziuzike. Mi binafsi napenda zilivyotoka, nyeusi. Rangi ya juu inaua kazi ya mchongaji maana kivuli chote alichokitengeneza kwa mistari kinazibwa. Ila yako ya Alken kama unaipenda itundike mkuu, farasi ni mzuri.

Kabati_la_Vitabu

Hapo kwenye kutochana napingana na wewe kidogo ndugu. Mi niko Arusha, kuna kitabu kikubwa cha Graphic cha miaka ya 1880, miezi sita imejalidiwa pamoja, mgongo umeachia, kuna mtu anataka kuniuzia kwa bei ya kawaida. Ndani nimehesabu picha za farasi za kutosha, mbio, polo, askari wa farasi. Kikikaa hivo kilivyo hakuna atakayekiona, kitakaa kabatini kiliwe na mende. Nikizitoa zile picha nikaziweka fremu watu wataziona. Sanaa si ni ya kuonwa?

FremuNaKioo

Hoja yako naielewa ndugu na ndo hoja ya wauzaji wote huku, imefanya maelfu ya majarida yavunjwe. Nikujibu nilivyo na uchungu nalo.

La kwanza, picha hizi hazikuzaliwa peke yake. Ukurasa wa The Sporting Magazine wenye farasi una maandishi yake kwenye toleo lile lile: jina la farasi, baba yake na mama yake, mwenyewe nani, alishinda wapi. Ukimtoa, anabaki farasi mwekundu asiye na jina kwenye ukuta wa mtu. Vanity Fair kila picha ilitoka na ukurasa wa maelezo uliosainiwa Jehu Junior, jina la bandia, na Jehu Junior wa mwanzo alikuwa mwenye jarida mwenyewe, Thomas Gibson Bowles. Mimi Archer wangu nimemtafutia ukurasa wake wa maelezo kwa muda mrefu, niliyemnunua alikuwa ameshaachana nao, na nilipoupata nikauweka nyuma yake ndani ya fremu hio hio. Mtu akimchukua kesho anamchukua mzima.

La pili, na hili ndo kubwa kwangu. Remington miaka ya mwisho mwisho kabla hajafa Desemba 1909 alichukua picha zake nyingi za rangi alizochorea majarida akazichoma moto. Alikuwa anataka aonekane mchoraji wa kweli, sio mtu wa majarida. Zikiwemo za ule mfululizo wa wavumbuzi aliouchorea Collier's. Maana yake nini? Maana yake leo hii baadhi ya picha za Remington, huyo ambaye michoro yake iko makumbusho makubwa ya Marekani, zimebaki kwenye karatasi za Collier's tu. Jarida la bei rahisi lililotupwa kila Jumatatu ndo limekuwa orijino. Sasa mtu akikwambia haya ni makaratasi tu ya zamani unamjibu nini?

La tatu, mitandaoni watu wanasema ah zimeskaniwa zote. Nyingi ziliskaniwa kutoka filamu ndogo za maktaba, nyeusi na nyeupe, kurasa mbili za katikati zimemezwa na mshono. Na maktaba zilipojalidi matoleo pamoja, mafundi walikuwa wanatoa majalada ya nje na kurasa za matangazo wanatupa. Kwa hio toleo moja moja lenye jalada lake na matangazo yake ya matandiko na dawa za farasi ni adimu kuliko kitabu chenye jalada la ngozi.

Sasa cha kwako, mgongo umeachia. Hesabu kurasa kwanza. Kama ziko zote, mtafute fundi wa kujalidi akishone, sio gundi, kushona kwa uzi, na ukitaka ukuta wako upendeze piga picha kurasa unazozipenda ukachapishe nakala nzuri za kutundika. Wakati wa kupiga picha weka karatasi nyeusi nyuma ya ukurasa, yale maandishi ya upande wa pili hayatapenya. Kama kurasa nyingi zimeshakatwa na waliotangulia, hapo sina ugomvi na wewe, zilizobaki zitoe taratibu, usikate pembezoni, na kila moja andika nyuma kwa penseli laini jina la jarida na tarehe. Penseli, sio kalamu ya wino.

Kabati_la_Vitabu

Nimehesabu leo. Ziko zote isipokuwa mbili. Namwambia fundi ashone. Nakala ya kutundika ntaomba ushauri wa fremu.

FremuNaKioo

Umenifurahisha sana ndugu yangu, kwa kweli.

Haya tuje kwenye karatasi yenyewe kabla ya fremu, maana hapa watu wengi wanashangaa. Ukiweka ukurasa wa 1810 na ukurasa wa 1930 mezani, wa 1810 unaweza kuwa mweupe na unapinda bila shida, wa 1930 umeshakuwa wa kahawia na kona zinamegeka. Karatasi ya zamani ilitengenezwa kwa matambara, pamba na kitani, nyuzi ndefu. Mwaka 1844 Mjerumani Friedrich Gottlob Keller akatengeneza mashine ya kusaga mbao kuwa rojo la karatasi, na kuanzia nusu ya pili ya karne ile magazeti yakahamia huko kwa sababu ya bei. Ndani ya mbao kuna kitu kinaitwa lignini, kikipata mwanga na hewa kinageuka kahawia na kutoa asidi, na asidi inakata nyuzi za karatasi kutoka ndani. Karatasi inajila yenyewe. Hakuna anayeweza kuirudisha, unachoweza ni kuichelewesha.

Kwa hio kadri jarida lilivyo la karibuni ndivyo linavyotaka uangalizi zaidi. Collier's yako ya 1905 ni mgonjwa, Sporting Magazine yako ya 1805 ni mzee mwenye afya.

Fremu sasa. Hii ndo kazi yangu kwa hio mnivumilie.

Mwanga ndo adui namba moja. Makumbusho wanaweka karatasi kwenye laksi 50 (laksi ni kipimo cha mwanga), hicho ni kiza cha kupendeza, sio sebule yenye dirisha la magharibi. Usitundike mkabala na dirisha, wala juu ya meza inayopigwa na jua la saa kumi. Kioo kiwe cha kuzuia miale ya urujuanimno, kipo, ni ghali kuliko cha kawaida lakini kwa ukurasa wa orijino mi sikubali kutumia kingine. Hata hicho hakizuii kila kitu, mwanga unaoonekana nao unafifisha, kwa hio zungusha, picha ikae ukutani miezi kadhaa af iingie boksini ipumzike, nyingine itoke. Ukuta unabadilika na wageni wanapata cha kuangalia upya.

Karatasi isiguse kioo hata kidogo. Unyevu ukiganda ndani ya kioo wino unashika kioo na ukurasa hautoki tena. Ndo kazi ya ile kadi yenye dirisha inayozunguka picha, watu wanadhani ni urembo, kumbe ndo inaweka nafasi. Kadi na ubao wa nyuma viwe visivyo na asidi. Hadibodi ya kahawia iliyoko nyuma ya fremu nyingi za zamani ndo inayochora yale madoa ya kahawia unayoyaona mgongoni mwa picha, ukinunua fremu ya zamani kitu cha kwanza fungua nyuma uiondoe.

Kushikiza: vipande viwili vidogo vya karatasi ya Kijapani kwa juu tu, na gundi ya wanga wa ngano, picha inaning'inia, chini iko huru itanuke na kusinyaa. SELOTEPU HAPANA. Naandika kwa herufi kubwa kwa sababu kila wiki naletewa kazi zenye selotepu, ile gundi inaingia ndani ya karatasi inageuka ya njano na hakuna dawa rahisi ya kuitoa. Wala usibandike ukurasa mzima kwenye ubao ili unyooke. Ukiwa na mkunjo wa katikati uache, ni picha ya kurasa mbili, mkunjo ni wake.

PwaniKabisa

Mkuu mi niko Mombasa, hapa unyevu ni balaa hasa mwezi wa nne wa tano. Vitabu vyenyewe vinaota ukungu kabatini. Hizo picha zitaishi kweli?

FremuNaKioo

Zitaishi ukizipa hewa. Ukungu unaanza kushika unyevu wa hewa ukipita asilimia 65 hadi 70 hivi na hewa ikiwa imesimama. Nunua kipimo kidogo cha unyevu, sio ghali, weka chumba unachotaka kutundikia uone. Usitundike ukuta wa nje unaopigwa na mvua, tundika wa ndani, na nyuma ya fremu kila kona ya chini bandika kipande cha koki au mpira ili fremu isilale kwenye ukuta na hewa ipite. Kubadili badili ndo kunaua, eyasii inawaka mchana inazimwa usiku, karatasi inasinyaa na kutanuka kila siku. Bora chumba chenye feni na madirisha mawili yanayopitisha upepo muda wote. Orijino za thamani ziweke kwenye maboksi yasiyo na asidi, rafu ya juu sio sakafuni, na ukutani weka nakala miezi ya mvua. Mifuko ya plastiki iwe ya poliesta, ile yenye harufu kali ya plastiki laini itupe, inatoa kemikali.

Na msipulizie dawa ya mende karibu na picha jamani.

Bin_Mutrah

Asalaam aleikum. Nna furaha kuuona uzi huu, mie niko Maskati, wazee wetu wa Unguja. Nnakusanya zaidi vitu vya farasi wa Kiarabu. Nauliza hivi, mnajua kuwa Seyyid Said alipeleka merikebu yake Sultana New York mwaka 1840, na miongoni mwa zawadi za rais Van Buren walikuwemo farasi wawili wa Kiarabu? Balozi alikuwa Ahmad bin Naaman, na sura yake ilichorwa hukohuko New York. Sasa nnatafuta kama kuna mchoro wa wale farasi kwenye majarida ya wakati ule.

FremuNaKioo

Waaleikum salaam sheikh. Hilo ni swali zuri kuliko yote humu, na limenifanya nifungue madaftari yangu. Picha yao mwenyewe sijawahi kukutana nayo mkononi. Mahali pa kuanzia ni hilo American Turf Register, lilikuwa bado linatoka 1840, lilifungwa 1844, na Spirit of the Times la New York, la William T. Porter, lililoanza 1831. Sultana ilitia nanga New York mwisho wa Aprili 1840, kwa hio soma matoleo ya Mei kwenda mbele, na usitafute picha tu, soma na maandishi, habari fupi fupi za kurasa za nyuma. Picha wakati ule zilikuwa ghali, jarida lilichonga farasi wa mbio kwanza. Ila farasi wawili waliotoka kwa mfalme wa Maskati na Zanzibar hawawezi kupita New York bila mtu wa farasi kuandika neno.

Na hapa ndo narudi kwa ndugu wa Arusha: habari ya namna hio mtu anaipata kwenye jarida zima tu. Aliyetoa picha akatupa maandishi, ametupa na farasi wa Seyyid Said.

Ukija Marekani, Middleburg, Virginia kuna National Sporting Library & Museum, ilianzishwa 1954, ni maktaba ya vitabu na majarida ya farasi na uwindaji. Mji huo huo ndo lilikozaliwa The Chronicle of the Horse mwaka 1937, jarida ambalo kwa miaka mingi jalada lake lilikuwa linabeba michoro ya farasi, na matoleo yake ya zamani ni mahali pazuri pa kuanzia kwa mtu mwenye pesa ndogo.

Bin_Mutrah

Allah akulipe kheri. Nnaanza na Mei 1840. Nikipata kitu nnakileta hapa.

NgongRoad_254

Boss uzi moto huu. Mimi niko Nairobi, babu alikuwa anafanya kazi na farasi huko Ngong racecourse tangu ifunguliwe 1954, alikuwa groom, mtunza farasi. Ameacha katoni ya race cards (kadi za ratiba ya mbio) na kurasa za magazeti zenye picha za mbio, zingine amekata na makasi, zingine ziko nzima, zingine ameandika kwa kalamu pembeni majina ya farasi na nani alimpanda. Nilikuwa nataka kuzisafisha hizo maandishi nizitie frame. Naweza futa aje bila kuharibu?

FremuNaKioo

Usifute kaka! Tafadhali usifute hata herufi moja.

Picha za mabwana waliomiliki wale farasi zipo nyingi. Majina ya waliowahudumia alfajiri, waliowapiga brashi, waliojua yupi anauma na yupi anaogopa lori, hayo hayakuandikwa na jarida lolote. Babu ameyaandika pembeni. Kwangu mimi katoni hio ina thamani kuliko Alken wangu wote na sikwambii kukufurahisha.

Fanya hivi. Osha mikono ukaushe, usivae glavu za kitambaa zinachana kona. Toa pini na stepla zote zenye kutu, taratibu, kwa kisu butu. Kila karatasi ipige picha mbele na nyuma kabla hujaigusa zaidi, kwa mpangilio ule ule aliouacha yeye kwenye katoni, maana mpangilio nao ni habari. Zile kadi za mbio weka nzima, usizifungue mshono. Magazeti ni karatasi mbaya kuliko zote, kila moja iweke kwenye karatasi isiyo na asidi peke yake isichafue jirani yake. Af kama bado kuna mzee yeyote aliyefanya kazi na babu, kaa naye na zile picha, rekodi kwa simu, muulize kila farasi.

Ya kutundika chagua moja au mbili, chapisha nakala kwa ukubwa halisi pamoja na maandishi yake ya kalamu yaonekane, fremu nyembamba ya mbao nyeusi, kadi nyeupe isiyo kali, pembeni uache nafasi ya kutosha. Usikate mwandiko ili picha ikae katikati.

NgongRoad_254

Sawa sawa boss. Sikuwa nimefikiria hivo. Kuna mzee mmoja bado yuko, anaishi Dagoretti, nitaenda Jumapili. Kuna picha moja farasi ameinua miguu yote minne, babu ameandika jina na "mkali sana lakini mzuri", hio ndio nitaanza nayo.

mtu_wa_Ilala

Tupia hapa mkuu tuione, na mi ntaweka ile Alken ya vidoti.

FremuNaKioo

Itupie, ila ipige dirishani kwenye kivuli bila flashi, na kioo cha fremu kitoe kwanza. Ndugu wa Arusha, wewe nipe vipimo vya ule ukurasa kwa sentimita, upana na urefu pamoja na ukingo mweupe, nikuchoree ukubwa wa kadi umpelekee fundi wako.